Masaa matupu ya koworking na mambo tunayoyafanya humo

Watu wengi hapa Dar ukiwatajia koworking, zile ofisi za pamoja za kukodi, wanawaza kitu kimoja tu, meza, kiti cha kuzunguka, waifai na mashine ya kahawa, unalipa dei pasi, yaani malipo ya siku moja, unakaa na laptopu yako mpaka jioni unaondoka. Na kweli hiyo kazi inafanyika, mi mwenyewe natafsiri na kuingiza sauti kwenye matangazo na video za mafunzo, na bila ile meza sijui kazi za watu ningezifanyia wapi. Ila ukizoea sehemu kama ile unaanza kuona kitu kingine kabisa, kwamba yale majengo yanakaa tupu masaa mengi mno. Jumamosi mchana tupu, Jumapili ndo usiseme. Asubuhi kabla ya saa mbili utamkuta mlinzi na dada wa usafi basi. Jioni ikigonga saa kumi na moja kila mtu anakimbia kuwahi foleni, na nyuma wanaacha meza ndefu, projekta, chumba kimya, jenereta lenye mafuta, choo kisafi, na vyote hivyo kodi yake ya mwezi imeshalipwa.

Hapo ndo nataka tuongee. Mi naamini kabisa kwamba mali kubwa ya koworking sio ile meza ya saa nne asubuhi, ni hayo masaa ambayo hakuna mtu, na ukiweza kuongea vizuri na meneja unaweza kuyafanyia vitu ambavyo waliojenga hawakuviwaza hata siku moja.

Na wala sio kwenda kinyume na asili yake. Koworking yenyewe ilianza hivyohivyo, kwa mtu kuazima masaa ya nyumba ya wengine. Brad Neuberg, mtaalamu wa programu kule San Francisco, mwaka 2005 alikuwa anataka uhuru wa kujiajiri lakini hapohapo anataka kukaa na watu kama wanavyokaa wa maofisini. Hakujenga ofisi wala hakutafuta mwekezaji. Alienda kwenye nyumba moja iliyokuwa inaitwa Spiral Muse, ya kikundi cha wanawake, akakodi nafasi siku mbili tu kwa wiki kwa dola 300 kwa mwezi. Meza zilikuwa za kukunja, asubuhi wanazipanga jioni wanazikunja, nyumba inarudi kwa wenyewe na shughuli zao. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Aliendelea tu, akawa anawaendea watu mmoja mmoja anawaalika, na kulikuwa na chakula cha mchana cha pamoja na muda wa kutulia kimya. Sasa hizi ofisi za kioo unazoziona leo mpaka huku kwetu zimetokana na ile sebule na meza zake za kukunja.

Turudi Dar sasa. Nianze na kitu ninachokipenda kuliko vyote, maana nimekiona kwa macho yangu na nimeshika mkasi.

Kuna mama mmoja fundi cherehani, anashona sare za harusi na send-off, na kibanda chake ni kidogo kiasi kwamba akiweka cherehani mbili na mteja mmoja aliyekaa, pamejaa. Sare za harusi zina shida yake, kitambaa kinanunuliwa kwa mkupuo mmoja, wanawake thelathini wa saizi tofauti, na inabidi kikatwe kwa akili ili kitoshe, maana dukani ile rangi ikiisha imeisha. Alikuwa anakatia chini, sakafuni nyumbani kwake, watoto wanapitapita, mgongo unamuuma, na kitambaa kikikunjamana kidogo tu upande mmoja basi gauni linakaa upande. Tukawaza, pale kwetu kuna meza moja ndefu ya katikati ambayo wiki nzima wanakaa watu kumi wa laptopu, na Jumamosi mchana haina hata glasi juu yake. Nikamwomba meneja. Akauliza swali moja la maana sana, chaki itatoka? Kwa hiyo tukatandika karatasi nyeupe ile ya roli meza nzima, tukaibana pembeni na gundi ya karatasi, na mama akaja na wasichana wake wawili, wakakitandaza kile kitambaa chote kwa mara ya kwanza bila kukikunja. Unamwona anatembea kuizunguka ile meza taratibu, anapapasa, anageuza vipande vya karatasi huku na huku, mkono wa hapa, kola ya pale, mpaka kila kitu kimeenea ndo anachora. Alikata sare zote kabla ya magharibi na kikabaki kipande cha kutosha vilemba vya wasimamizi, kitu ambacho kamati ya harusi ilikuwa imeshakata tamaa nacho. Cherehani hazikuja kabisa, kelele hakuna, uzi hakuna, kushona kunafanyika kibandani kama kawaida. Koworking imetumika kwa kitu kimoja tu ambacho kibanda hakina, nafasi ya kutandaza.

Na hapo ndo nilipojifunza namna ya kufikiria hili jambo. Usijiulize naweza kuhamishia biashara yangu yote pale, hapana, jiulize ni hatua gani moja ya kazi yako inakwama kwa sababu ya sehemu ulipo. Mchora mabango anakwama kukuza mchoro, si projekta ipo, anatundika karatasi kubwa ukutani, anamulika mchoro wake mdogo, anafuatisha mistari kwa penseli, nusu saa kamaliza kitu ambacho kwa kupima na rula kingemla siku mbili. Mpiga picha wa bidhaa anataka ukuta mweupe na dirisha kubwa la mwanga wa asubuhi, anakuja saa moja kasoro, saa tatu watu wanapoingia yeye anafunga mzigo wake anaondoka.

Sauti sasa, hapa ni kwangu, na nitakaa kidogo.

Kurekodi sauti nyumbani hapa mjini ni mtihani. Yaani unaanza sentensi, anapita yule wa spika ya sumu ya panya, mende, kunguni. Ametoka, anaingia wa aiskrimu na muziki wake. Bodaboda. Jogoo wa jirani ambaye saa zake hazieleweki. Na studio za kukodi zipo, nzuri tu, ila wanatoza kwa saa na kazi nyingi za sauti ni za dakika tano tano, mteja anakwambia rudia sentensi moja tu, huwezi kukodi studio kwa sentensi moja. Sasa koworking nyingi zina vile vibanda vya kupigia simu, kile kichumba cha mtu mmoja kama kabati, ndani wameweka sponji au zulia ukutani ili simu yako isiwasumbue wengine. Kile ni studio. Sio studio kamili lakini ukikitendea haki kinakuwa studio.

Kwanza feni, vile vibanda vina kifeni juu kinachowaka chenyewe ukiingia na kinaunguruma, na maikrofoni inakisikia vizuri kuliko inavyokusikia wewe, kwa hiyo muulize fundi wa jengo swichi iko wapi ukizime, utatoka jasho lakini sauti itatoka safi. Pili mlango, karibu zote ni kioo, na kioo kinarudisha sauti usoni kwako, mi natundika duveti kwa ndani, zile kanga mbili nilizoanza nazo zilikuwa nyepesi, duveti ndo jibu. Meza ndogo ya mle ndani naitandika taulo maana nayo inarudisha sauti. Simu naiweka mbali, sio kuizima mlio tu, mbali kabisa. Halafu kabla sijasema neno lolote narekodi kimya, nusu dakika hivi, bila kupumua kwa nguvu, ili baadaye programu ya kusafishia sauti ijue ule mvumo wa chumba ukoje iuondoe. Na muda ni asubuhi mapema ya Jumapili, AC ya ukumbi haijawashwa, mashine ya kahawa haijaanza kusaga. Nimewapitisha humo vijana kadhaa wanaoanza kazi hii, kuna mmoja anasoma hadithi za watoto kwa Kiswahili, alikuwa anarekodia ndani ya gari la mjomba wake na madirisha yamefungwa, kwenye joto la Dar mwezi wa pili. Sasa hivi anakuja pale na dei pasi moja anatoka na hadithi nne.

Kamati za harusi nazo. Hii wengi watashangaa lakini naomba mnisikilize. Vikao vya kamati tumezoea kukutana baa au kwenye bustani ya hoteli fulani, sehemu ya kwanza ya hela ya michango inaishia kwenye vinywaji vya kikao, muziki juu, mwenyekiti anapiga kelele, katibu anaandika ahadi kwenye daftari ambalo kesho halionekani, na wale ndugu wa Muscat na London ambao kiukweli ndo wametoa ahadi kubwa wanasubiri waletewe habari na mtu aliyesikia nusu. Sisi harusi ya mdogo wangu tulifanyia vikao kwenye chumba cha mikutano cha koworking, jioni, baada ya watu kutoka. Ile luninga kubwa ya ukutani upande mmoja zipo sura za akina shangazi wa Muscat, upande mwingine jedwali la michango, jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Kila mtu anaona. Mjomba akisema mi nimeshatuma, mweka hazina anaangalia muamala hapohapo anaujaza. Kikao kimoja kilikuwa kinaisha ndani ya saa moja na nusu, chai na maandazi tumekuja nayo wenyewe, na shangazi alipouliza kwa nini ukumbi una bei ile akajibiwa na aliyeenda kuuona, sio kwa kuambiwaambiwa. Heshima ya wakubwa ilikaa vizuri zaidi pia, kwa sababu mkubwa akiongea anasikika, hashindani na spika. Tangu hapo nimeona misiba nayo ikipangwa mle, kikao cha ndugu kupanga safari ya kupeleka mwili kijijini, watu wako mikoa mitatu na nchi mbili, na wanahitaji sana kuongea wakielewana siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vilifuata njia hiyohiyo. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinanunuliwa mbele ya wote. Siku hizi vikundi vingi vimehamia kwenye simu lakini kile kikao cha kukutana uso kwa uso bado kinatakiwa, na wanawake wanaotoka sokoni saa kumi jioni wamechoka hawahitaji ukumbi wa hoteli, wanahitaji chumba chenye mlango unaofungwa na meza ya kuhesabia.

Kuna jambo lingine ambalo linaniuma na ndo maana nalitilia mkazo. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, sa hivi ni mtandaoni, unaingia na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, unajaza, unapata kontroli namba, yaani namba ya kulipia, unalipa kwa simu. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, haina malipo kabisa. Lakini mama ntilie au kijana wa kuuza viatu hana laptopu wala hajui aanzie wapi, anaenda steshenari ya barabarani, anamlipa kijana wa pale, na yule kijana anamfungulia barua pepe mpya anayoijua yeye, nywila anaijua yeye, na wakati mwingine namba ya simu inayopokea ujumbe ni ya kwake yeye. Miezi sita baadaye yule mama anataka kubadilisha kitu au kapata tenda ndogo ya shule anatakiwa atoe cheti, akirudi steshenari imehama. Biashara ni yake, jina ni lake, mlango wa kuingilia hana. Nimeona watu wakilia kwa hili.

Sasa koworking zimejaa watu wanaojua haya mambo kama kunywa maji. Wahasibu, wanasheria wachanga, vijana wa kompyuta. Tulianza kitu kidogo, Jumamosi moja kwa mwezi asubuhi, mtu anakuja na kitambulisho chake na simu yake mwenyewe, anakaa na mtu mmoja mezani, na sharti letu kubwa ni kwamba mikono inayobonyeza ni ya mwenye biashara. Anafungua barua pepe yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe, nywila anachagua yeye na anaiandika kwenye daftari lake, sisi tunageuza uso. Inachukua muda, ndiyo. Kuna baba mmoja muuza samaki wa Feri alitumia asubuhi nzima, vidole vyake ni vigumu vimezoea kisu, kioo cha simu kilikuwa hakimsikii vizuri, lakini alijaza herufi zote mwenyewe, na kontroli namba ilipoingia kwenye simu yake aliisoma kwa sauti namba moja moja mpaka mwisho, chumba kizima kikamsikiliza.

Hii ya kuwapa nafasi watu wa mtaa sio ngeni kwenye ukanda wetu. iHub ya Nairobi ilipofunguliwa Machi 2010 ghorofa ya nne pale Bishop Magua Centre, Ngong Road, ilitokana na watu wa Ushahidi, wale waliotengeneza ramani ya taarifa za vurugu baada ya uchaguzi wa Kenya, na uanachama wao ulikuwa na ngazi za rangi, mweupe, kijani, mwekundu, wa kijani halipii ila lazima awe na kitu anachojenga. Hapa Dar, Buni Hub pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, eneo la Sayansi, ilipokea watu wa Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 wa kuchora ramani za mitaa inayofurika, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wanashirikiana na wakazi wa kata kama Tandale kuweka kila mtaro na kila njia ya uchochoroni kwenye ramani huria. Mtu wa Tandale anayejua maji yanapita wapi mvua ikinyesha hakuwa mtu wa kiteknolojia, lakini bila yeye ile ramani ingekuwa karatasi tu. Kwa hiyo mtu akiniambia koworking ni ya watu wa startapu peke yao mi namkatalia hapohapo.

Usiku nao una watu wake. Kila ikikaribia Mei na Novemba, miezi ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, kuna kundi la vijana wanaosoma CPA, ile ya uhasibu, huku wameajiriwa, mchana yuko kazini, nyumbani kapanga chumba kimoja na ndugu, kusoma atasomea wapi? Wanachangishana wanakodi ukumbi kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne, simu zinakaa kwenye boksi moja mlangoni, maswali ya miaka ya nyuma yanaoneshwa ukutani na kila usiku mmoja anafundisha. Kwa pamoja gharama inakuwa ndogo kabisa kwa kichwa, na mlinzi anapata cha juu kidogo kwa kuongeza muda, na hilo msilisahau jamani, mlinzi na dada wa usafi ndo wanaobeba haya masaa ya ziada, lazima wapewe chao, na wapewe mkononi sio kuahidiwa.

Umeme na intaneti sina haja ya kueleza sana. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha umeme Februari 2024, ulifundisha watu wengi njia ya koworking, kuna mama alikuwa anakuja kuchaji betri za taa za saluni yake. Na Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini nchi nzima ikawa inapapasa intaneti, sehemu zilizokuwa na watoa huduma wawili zilihangaika kidogo lakini zilikuwa na pa kushika. Toka hapo nikiingia koworking mpya swali langu la kwanza ni hilo, intaneti mnapata kwa nani, na akikatika huyo mnahamia kwa nani, kahawa nitauliza baadaye.

Jinsi ya kumwendea meneja. Usiende na wazo, nenda na tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya watu na jina la mtu mmoja ambaye chochote kikiharibika anapigiwa yeye. Mwambie utaacha pakoje. Lipia, hata kama ni kidogo, maana kitu cha bure kinafutwa siku yoyote anapokuja mkurugenzi mpya. Na kuna vitu usiombe, kupika kwa moto, ibada ya sauti kubwa, bidhaa zenye harufu, sio kwamba ni vibaya, ni kwamba Jumatatu asubuhi kuna mtu analipia kila mwezi na hatakiwi kukuta dalili yoyote kwamba mlikuwepo. Kuna sehemu moja, jina niliache, walikubali vizuri mwanzo halafu wakaanza kutoza chumba bei ya saa za kazi kwa Jumapili, kikundi kizima kikahama, na wale wanachama wa kila mwezi waliokuwa wameletwa na kile kikundi nao wakahama.

Kwa sasa tuko kwenye mazungumzo ya Jumapili asubuhi. Kuna walimu wawili wa lugha ya alama wanatafuta sehemu ya kufundishia wazazi wenye watoto viziwi. Madarasa ya shule waliyopewa yana madawati ya kupangana mistari, mtu wa nyuma haoni mikono ya wa mbele, na mwanga ni hafifu. Kile chumba chetu kikubwa cha kioo kina mwanga pande mbili na viti vyake vina magurudumu, unaweza kupanga duara kamili kila mtu akawaona wote. Mwalimu mmoja alikuja kukagua, akasimama katikati, akamwambia mwenzie kitu kwa mikono, wakabadilishana nafasi, akakaa kila kona akiangalia kama jua linampiga mtu usoni, kisha akaomba mapazia ya upande wa mashariki yashushwe nusu. Meneja amekubali tujaribu mwezi mmoja, saa tatu mpaka saa sita, na mlinzi wa Jumapili ameomba na yeye akae ndani ajifunze, kwa sababu mtoto wa kaka yake hasikii.